Chupa Ijayo Iwe ya Dodoma

Nina ombi, na ombi lenyewe ni dogo. Safari ijayo utakapotaka mvinyo, uwe wa sherehe, wa zawadi au wa chakula cha Jumapili, kabla hujanyoosha mkono kwenye chupa ya Afrika Kusini uliyoizoea, tafuta ya Dodoma. Sikuombi uinunue kwa huruma. Inunue kwa sababu, ukijua kuchagua, sioni mvinyo mwingine katika maduka ya Tanzania unaoitendea haki fedha yako kama huo. Na wewe usiyekunywa pombe, kwa imani au kwa hiari yako, usiniache hapa. Nina neno lako huko mbele.

Dodoma iko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vingi vya mvinyo huchora mikanda miwili ya dunia inayoufaa mzabibu, mmoja kaskazini na mmoja kusini, takriban kati ya nyuzi 30 na 50, na sisi tumeachwa nje ya yote miwili. Ndiyo maana mtaalamu wa Ulaya anaweza kuzeeka bila kulisikia jina la Hombolo, kijiji cha mizabibu cha Dodoma. Lakini anachokihitaji mzabibu ni ardhi isiyotuamisha maji, jua la kutosha, hewa kavu na usiku wenye ubaridi, na Ugogo, yaani nchi hii ya Dodoma, una vyote: udongo wa kichanga, mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, kiangazi kinachoanza Mei na kufika Novemba, na usiku wa Juni na Julai unaowavalisha watu makoti.

Tena Dodoma ina neema ambayo Bordeaux na Stellenbosch hazina: inavuna mara mbili kwa mwaka. Kule kwenye majira ya baridi mzabibu hupukutisha majani, ukalala, na hakuna awezaye kuuamsha kabla ya wakati wake. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayepanga kalenda ni mkulima na mkasi wake wa kupogolea. Akishapogoa, macho huchipua, maua hufuata, na baada ya miezi minne hivi vichala vimeiva. Mavuno makubwa huangukia Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Misimu hii miwili hailingani. Zabibu za wakati wa mvua husumbuliwa zaidi na magonjwa ya ukungu kama ubwiri vinyoya, na maji mengi huzifanya zipungukiwe sukari. Zile za kiangazi huiva juani, katika hewa kavu, na hukusanya utamu na ladha nzito zaidi. Ukimpata mtengenezaji anayekuambia kwa fahari kwamba chupa yake ni ya zabibu za Septemba, msikilize vizuri. Huyo anajua anachokiuza.

Mizabibu ililetwa huko na wamisionari Wakatoliki, waliohitaji divai ya misa, na misheni ya Bihawana nje kidogo ya mji ndiyo inayotajwa kila historia hii inaposimuliwa. Kutoka misheni ilienea vijijini: Hombolo, Mpunguzi, Matumbulu, Mbabala, Mvumi, Handali, Buigiri, Chinangali. Serikali nayo ikaweka kituo cha utafiti Makutupora, kaskazini mwa mji, ambacho hadi leo kinahudumia zao hili chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI. Kisha kikaja kiwanda cha umma, DOWICO. Kilipokuwa hai, mkulima alijua pa kupeleka mzigo wake. Kilipoyumba na kufungwa, wakulima walibaki na zabibu zisizo na mnunuzi, na wengi waliyatelekeza mashamba au kuing'oa mizabibu wakarudi kwenye uwele na mtama. Jeraha hilo halijapona kabisa. Unapozungumza na wazee wa vijiji hivyo kuhusu kupanda upya, kitu cha kwanza wanachouliza ni nani atanunua.

Viwanda binafsi vilifuata, kama CETAWICO kule Hombolo na Alko Vintages ya hapo mjini, na kampuni kubwa za vinywaji zikaanza kununua zabibu za huko. Pembeni yao wamezaliwa wasindikaji wadogo, baadhi yao ni wanawake waliojifunza kazi hii kwenye mafunzo ya ujasiriamali, wakaanza kwa mapipa machache katika chumba cha nyuma. Huko nyuma ndiko baadhi ya chupa nzuri zinakotoka siku hizi, ingawa hutaziona kwenye matangazo ya barabarani.

Sasa tuseme na lile ambalo kila mtu analisema kwa sauti ya chini. Mvinyo wa Dodoma una jina la kuwa mtamu kupita kiasi na kuwa wa bei rahisi kwa maana mbaya ya neno hilo. Wapo waliouonja mara moja kwenye harusi, ukiwa vuguvugu kwenye glasi ya plastiki, wakaapa kutorudi tena. Siwalaumu. Soko letu kwa miaka mingi liliutaka utamu na ukali wa pombe, na viwanda vikaliletea lilichokitaka: mvinyo ulioongezwa sukari, na mvinyo ulioimarishwa kwa pombe kali ili upande hadi asilimia 16 au zaidi. Hizo ni aina mbili tu za kinywaji kinachoweza kutoka katika zabibu hizo. Kuihukumu Dodoma yote kwa chupa hizo ni kuunyima mji mzima nafasi ya kujitetea.

Jaribu badala yake mvinyo mweupe mkavu wa zabibu ya Chenin Blanc. Zabibu hii asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na Afrika Kusini imeifanya kuwa zabibu yake kuu ya mvinyo mweupe. Sifa yake kubwa ni kwamba hata kwenye joto haipotezi uchachu wake. Zabibu nyingine zikipigwa na jua la kitropiki hubaki na sukari tupu, mvinyo wake ukawa mzito na mchovu mdomoni. Chenin hubaki na ule mkato wa ndimu na tufaha bichi. Ndiyo maana imekubalika sana Dodoma, na ndiyo maana chupa yake iliyotengenezwa kwa uangalifu na kupozwa vizuri inaweza kukaa meza moja na chupa ya nje ya bei kubwa bila aibu. Inywe na changu wa kukaanga, na pweza wa nazi, na samaki wa kupaka. Mafuta ya nazi yanataka kitu cha kuyakata, na uchachu wa Chenin unaifanya kazi hiyo.

Kwa mwekundu, zabibu ya nyumbani inaitwa Makutupora, jina la kile kituo cha utafiti. Ni zabibu yenye rangi ya kutosha na ladha ya matunda meusi, na ikitengenezwa kavu, bila kufunikwa na sukari, huenda vizuri na mbuzi wa kuchoma, mishkaki, hata maharage yaliyoungwa vizuri. Wapo pia waliopanda Syrah, na aina za Italia kama Aglianico, ambayo nyumbani kwake kusini mwa Italia imezoea jua kali. Hizi utazikuta kwa nadra zaidi na kwa bei ya juu kidogo, lakini kwa mtu anayependa mvinyo mwekundu wenye mwili, ni fedha iliyokwenda mahali pake.

Na bei je? Ichukue chupa ya nje iliyo kwenye rafu ya chini ya duka kubwa. Imesafiri kwa meli au lori, imepita bandarini au mpakani na kwa wakala, imelipiwa ushuru wa bidhaa. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa kwa miaka mingi imeutenga mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 na kuutoza kiasi kidogo sana kuliko mwingine. Kwa hiyo katika ile chupa ya nje, sehemu kubwa ya fedha yako ililipia safari na kodi, na kilichobaki kiliweza kununua mvinyo wa daraja la chini tu wa huko ulikotoka. Kwa kiasi kilekile, Dodoma inakuuzia mvinyo wake wa daraja la kati, pengine wa juu. Hapo ndipo thamani ilipo, na ndiyo hoja ninayotaka uende nayo dukani.

Lakini thamani hiyo humjia anayesoma lebo. Kwanza tafuta jina la zabibu. Mtengenezaji aliyeandika Chenin Blanc au Makutupora ana kitu anachojivunia. Aliyeandika tu mvinyo mwekundu, na picha ya kichala cha kuchora, hajakuahidi chochote. Angalia kama ni mkavu au mtamu, maana wengi wetu tumechukua mtamu bila kujua kisha tukailaumu Dodoma. Tazama asilimia ya pombe: mvinyo wa kawaida wa mezani huwa kati ya 11 na 14, na ukiona 16 au 18 jua huo umeimarishwa, una matumizi yake, lakini si wa kuunywa na chakula cha mchana. Hakikisha pana alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS, na stempu ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, TRA, ambayo unaweza kuikagua kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Zipo chupa za kughushi, na mtu anayeziuza anamwibia mkulima, kiwanda, serikali na tumbo lako kwa pamoja.

Kisha angalia duka lenyewe. Mvinyo uliokaa miezi kwenye dirisha linalopigwa na jua la Kariakoo umekwisha kuharibika, hata uwe umetoka wapi duniani. Nunua mahali panapouza sana, chupa zisipopata muda wa kukusanya vumbi. Kizibo cha kuzungusha kisikutie shaka; kwa mvinyo wa kunywa mapema, hasa mweupe, kinafaa kuliko cha gome. Mvinyo mwingi wa Dodoma ni wa kunywa ungali mchanga, kwa hiyo usiufungie kabatini ukisubiri mtoto amalize chuo. Ukifungua ukanusa siki, au mweupe ukawa umegeuka rangi ya chai, rudisha. Mwenye duka akirudishiwa, na yeye humrudishia msambazaji, na habari hufika kiwandani upesi zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa lawama za mtandaoni.

Na upoze. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kina nyuzi 16 au 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari kina nyuzi 30. Mwekundu uweke kwenye jokofu nusu saa kabla ya kuutoa mezani, mweupe ukae saa kadhaa. Nina hakika nusu ya wanaoutuhumu mvinyo wetu hawajawahi kuunywa ukiwa na ubaridi wake.

Nirudi shambani, maana huko ndiko ombi langu linakopata uzito. Mzabibu unahitaji nguzo na nyaya, pingili nzuri za kupanda, dawa za ubwiri, samadi, na maji ya kumwagilia kiangazi. Mchwa wa Dodoma huula mzabibu na nguzo zake kwa pamoja, na ndege hawasubiri mavuno. Mkulima hulipia hayo yote kabla hajaona shilingi. Na zabibu ikiiva haingoji. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukasubiri bei. Zabibu baada ya siku chache hunyauka au kuoza kwenye mti. Gari la mnunuzi likichelewa wiki moja, jasho la msimu limekwenda. Kwa hiyo mkulima humpa dalali kwa bei yoyote, na wapo wanaochuma mapema, zabibu hazijajaa sukari, ili tu wasikose gari. Mvinyo wa zabibu changa ukija mwembamba, kiwanda huongeza sukari, na wewe unarudi kulekule kwenye mvinyo mtamu uliokukimbiza.

Ndiyo sababu miaka ya karibuni kumekuwa na mkazo juu ya kusindika mchuzi wa zabibu, yaani kukamua mapema na kuhifadhi kwenye matangi hadi viwanda vitakapouhitaji. Ni hatua njema, na vyama vya ushirika vya wakulima vinastahili kuungwa mkono viwe na matangi na mitambo yao. Lakini tangi nalo hujaa. Kinachoweza kuutoa mchuzi huo tangini ni wewe na mimi kuagiza chupa, na kuagiza ile nzuri. Tukinunua tu ile ya bei ya chini kabisa, kiwanda hakina sababu ya kumlipa zaidi mkulima aliyesubiri zabibu ziive. Tukiongeza kidogo kwa ajili ya chupa kavu yenye jina la zabibu, tunakifundisha kiwanda kulipa kwa ubora, na mkulima wa Matumbulu ataona faida ya kuvumilia wiki mbili zaidi.

Kwa hiyo kila uingiapo hotelini, uliza. Muulize mhudumu: mna wa Dodoma? Akisema hamna, mwambie kwa upole amfikishie meneja kwamba umeulizia. Wenye hoteli za Zanzibar, Arusha na mbugani, nawasihi hasa ninyi. Mgeni aliyesafiri saa kumi angani hakuja kunywa kile kile alichokiacha kwenye duka la mtaani kwao. Anataka kuonja cha hapa, na mkimpa Chenin baridi ya Dodoma na maelezo mafupi ya mavuno mawili kwa mwaka, atakumbuka hoteli yenu. Wafundisheni wahudumu hayo maelezo. Maofisa mnaoandaa dhifa na mikutano katika mji huohuo wa Dodoma, ulioamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, inauma kuona meza ya mkutano wa kuzungumzia kilimo imepambwa kwa chupa za nje, wakati mashamba yanaonekana kutoka barabarani.

Kwako usiyekunywa: zabibu ni tunda kabla hazijawa kitu kingine. Zile za kula huuzwa kando ya barabara na stendi wakati wa msimu, tamu na mbichi, ilhali nyingi tunazozinunua madukani Dar es Salaam zimetoka nje. Zioshe vizuri, kwa kuwa hupuliziwa salfa kuzuia ubwiri. Ipo juisi, zipo zabibu kavu za pilau na biriani, na siki. Mwenye duka la vyakula anayeuliza zabibu kavu za Dodoma kwa jumla amemsaidia mkulima yuleyule, na pengine zaidi, kwa sababu soko hilo bado ni jipya na linahitaji wa kulianzisha.

Kama una siku mbili, nenda. Tangu 2024 treni ya umeme inakutoa Dar es Salaam na kukufikisha Dodoma kwa saa chache. Panga safari iangukie Agosti au mwanzo wa Septemba. Kodi gari uende Hombolo au Mpunguzi, omba ruhusa ya mwenye shamba, onja zabibu ukiwa umesimama kati ya mistari. Wapitie wasindikaji wadogo: waulize zabibu zilitoka kijiji gani, zilivunwa mwezi gani, na kama watakuonjesha kabla ya kununua. Anayejibu bila kusita, mnunulie kasha zima. Ndugu zetu wa Kenya, Rwanda na Burundi mnaokuja Dodoma kwa mikutano, nafasi ya chupa mbili kwenye begi haikosekani.

Na anayekunywa, anywe kwa kiasi, pamoja na chakula, na funguo za gari ampe mwingine. Mvinyo mzuri unafaa kuonjwa taratibu.

Neno la mwisho ni kwa kamati za harusi, kwa sababu hakuna mahali fedha ya vinywaji hutoka kwa wingi kama huko. Kikao kijacho, mtu wa vinywaji anaposoma bajeti yake, mwombeni anunue kwanza chupa tatu nne tofauti za Dodoma, mweupe na mwekundu, mkavu kwa mtamu, azipoze, wajumbe wazionje palepale na wachague. Kisha apige simu moja kwa moja kiwandani au kwa msindikaji, aulize bei ya jumla na usafiri, aweke oda mapema kabla msimu wa harusi za Desemba haujabana. Na kwenye kadi ya meza andikeni jina la zabibu na jina la kijiji zilikovunwa, wageni wasome.